Mzazi kukandwa maji ya moto: nesi kakataza, mama mkwe keshabandika sufuria. Nani asikilizwe?

#1 Shemeji wa Mbezi
Wakuu, salaam. Mke wangu kajifungua wiki hii, njia ya kawaida, mtoto wa kwanza, kashonwa nyuzi kidogo. Wakati wa kuruhusiwa nesi alituambia wote wawili: asikandwe tumbo, aoge maji ya uvuguvugu, kidonda kibaki kikavu. Tunafika nyumbani, mama mkwe keshawasili kutoka Handeni na kiroba cha majani ya mwarobaini. Tangu hapo sufuria haishuki jikoni. Taulo linachovywa, linakamuliwa, linabandikwa tumboni, mke analia bafuni na mimi niko sebuleni natazama taarifa ya habari nisiyoisikia. Mkwe ni mkwe, sina mdomo wa kumwambia aache. Nikimuuliza mke, ananijibu kwamba kila mtu anakandwa.

Naomba kujua: haya maji yanafanya nini hasa mwilini? Nataka sababu. "Ndivyo tulivyozoea" nimeshaisikia.

#2 Kijukuu
Naweka kambi hapa, nangoja wajuzi.

#3 Mama Watatu
Yanatoa damu iliyoganda, baba. Mwanamke akishajifungua ndani kunabaki mabonge. Usipoyakanda yanakaa humo, yanaoza, unaanza kunuka na homa juu. Na tumbo halirudi. Mimi nilikandwa na mama yangu kwa watoto wote, asubuhi na jioni, na mpaka leo navaa nguo zangu za usichana. Mdogo wangu alijifanya wa mjini, akakataa. Mtazame tumbo lake leo.

#4 Ngosha wa Kahama
Mdogo wako ana tumbo la chipsi, mama, usisingizie uzazi.

#5 Nesi wa Zamu
Nipo wodi ya wazazi, hili tunalizungumza kila siku wakati wa kuwaruhusu. #3 nakuheshimu, lakini damu haitolewi na taulo. Mfuko wa uzazi wenyewe ndio unaojikaza na kuisukuma nje. Kondo la nyuma likishatoka, mfuko unakuwa karibu na usawa wa kitovu. Unashuka kama sentimita moja kwa siku, na kati ya siku ya 10 na ya 14 huwezi tena kuupapasa kwa juu ya tumbo. Wiki ya sita unakuwa umekaribia ukubwa wake wa zamani. Kinachoukaza ni homoni ya oksitosini, ile ile tunayokuchoma pajani mtoto akishatoka, vizio 10. Mtoto akinyonya, mwili wako unatengeneza yake, ndiyo maana tumbo linakata wakati wa kunyonyesha. Wengi mnaita chango. Uzazi wa pili na wa tatu linakata zaidi ya wa kwanza, waulize wenye uzoefu.

Uchafu nao una utaratibu wake: siku tatu nne za mwanzo ni damu nyekundu, halafu unageuka kahawia au waridi, mwishowe mweupe mweupe, hadi wiki ya nne au ya sita. Aliyekandwa na asiyekandwa wote wanapita hapo.

Sababu ya kukataza ni kwamba tunapokea walioungua. Maji ya nyuzi 60 yanachoma ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na bibi mwenye viganja vilivyozoea mafiga hapimi kama unavyopima wewe. Joto kali pia linatanua mishipa. Mama aliyepoteza damu anaona kizunguzungu na kuanguka humo humo bafuni. Kuoga maji ya vuguvugu hakuna aliyekataza.

#6 Mama Watatu
@Nesi wa Zamu sasa niambie, mbona nyie wenyewe mnakanda? Nilipojifungua wa mwisho, nesi alinibonyeza tumbo pale leba mpaka nikaona nyota mchana. Wala hakuwa na maji. Mkikanda nyie ni utaalamu, akikanda mama yangu ni ushamba?

#7 Ngosha wa Kahama
Hapo kaguswa. Nesi jibu.

#8 Nesi wa Zamu
Ni haki yako kuuliza. Pale tunapapasa kuona kama mfuko umekaza. Ukiwa mgumu, mishipa iliyokuwa inalisha kondo inabanwa na damu inasimama. Ukiwa laini, damu inamwagika, na mama anaweza kutuponyoka ndani ya saa mbili. Ndiyo maana tunarudia rudia kukubonyeza saa za mwanzo, hata ukitutukana. Mama yako anakanda siku ya tano, wakati hatari hiyo kwa kiasi kikubwa imeshapita.

#9 Mkunga Mstaafu
Nimrekebishe mwanangu Nesi kidogo. Enzi zetu tulikanda kila mtu, bila kuuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 ukabadilisha: mama aliyechomwa oksitosini hana haja ya kukandwa mfululizo kama kinga. Anapapaswa tu kuangalia ugumu wa mfuko. Kukanda kunabaki kuwa tiba, pale damu inapozidi. Kuna wenzetu bado wanawasulubu kina mama kwa mazoea ya zamani.

Jambo jingine lililobadilika ni kupima damu. Sisi tulikadiria kwa macho, tukiangalia shuka na kusema "ya kawaida hiyo". Jicho linadanganya. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama anawekewa chini nailoni yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mililita 500, au kabla ya hapo kama dalili ni mbaya, tiba zote zinaanza kwa pamoja: kukanda, oksitosini, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua alipochanika. Kutoka damu nyingi mno, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu au kufa kwa damu kulipungua kwa asilimia 60. Kwa nailoni na nidhamu tu.

#10 Bint Mvita
Nyote mwazungumza tumbo, tumbo. Huku kwetu Mombasa mzazi hukandwa mwili mzima: kiuno, mgongo, mapaja, hata nyayo. Kisha hufungwa mkaja, ile nguo ya kukaza tumbo. Bibi alikuwa akisema mifupa ya nyonga imefunguka kwa uzazi, na baridi yaingia hapo. Ukiwacha, uzeeni wapooza miguu na kulalama kiuno. Sasa hizo habari za mabonge mimi ndio nazisikia hapa.

#11 Kijukuu
Baridi gani ya Mombasa, dada? Mwezi wa pili huku pwani hata mbuzi anatafuta kivuli.

#12 Bint Mvita
Baridi ya mwili, si ya hewa. Waulize wakubwa.

#13 Mkunga Mstaafu
Kuhusu nyonga yuko karibu na ukweli. Wakati wa ujauzito kano za nyonga zinalegea kwa homoni, na hazirudi siku moja. Joto la wastani kiunoni linatuliza misuli iliyochoka, hilo sipingi. Mkaja naukubali ukifungwa kwa kiasi. Ukikazwa mpaka mama anapumua kwa juu juu, unasukuma nyama za chini ambazo tayari zimechoka.

#14 Mama Salwa, Muscat
Asalaam aleikum. Huku Oman familia za Kizanzibari bado tunafanya arobaini kamili. Ila jambo kubwa kwetu ni chakula: uji wa uwatu, supu ya kuku, pilipili manga. Mama yangu anasema maji ya moto ni ya nje, uwatu unakanda kwa ndani. Siku arobaini za nifasi, yaani damu ya uzazi, zikiisha na kukanda kunaisha.

#15 Ustadh Mchangani
Waaleikum salaam. Rekebisho dogo: kwa madhehebu ya Shafii, arobaini ni muda wa kawaida wa nifasi, ukomo wake ni siku sitini. Damu ikikatika siku ya ishirini, mwanamke anaoga na kuswali, haingojei arobaini. Ada na sheria tusizichanganye.

#16 Nesi wa Zamu
Na sisi hospitali tunahesabu 42, wiki sita. Kifo kinachotokana na uzazi kinaandikwa hivyo hata kikitokea siku ya 41 nyumbani. Watu wakishavuka mlango wa wodi wanadhani safari imekwisha. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022, mama akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya sita. Ni wangapi humu mlirudi? Mkirudi, mnarudi kwa ajili ya chanjo ya mtoto, na mama anakaa benchi kama msindikizaji.

#17 Mama Junior, Den Haag
Mie nilijifungulia huku Uholanzi. Ukitoka hospitali, mara nyingi siku hiyo hiyo, anakuja nyumbani mhudumu, huduma yenyewe inaitwa kraamzorg. Anashinda na wewe saa kadhaa kila siku, siku nane hivi, chini ya usimamizi wa mkunga. Anapima joto, anapapasa tumbo kuona mfuko umeshuka wapi, anatazama nyuzi, anakufundisha kunyonyesha, na anakupikia chai. Sasa ngoja mcheke: siku ya kwanza kaniletea barafu nikalie! Nikasema mama yangu akijua hili atapanda ndege. Lakini uvimbe ulishuka.

#18 Ngosha wa Kahama
Barafu ya Uholanzi, uwatu wa Muscat, mwarobaini wa Handeni. Shemeji wa Mbezi, chagua timu.

#19 Nesi wa Zamu
Barafu si kichekesho. Siku moja mbili za mwanzo ubaridi unapunguza uvimbe na maumivu ya pale chini, ifungwe kwenye kitambaa tu. Baadaye ndiyo anakalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi. Najua mtauliza chumvi: utafiti mkubwa wa Uingereza wa miaka ya 1980 haukuona chumvi ikiongeza kasi ya kupona. Ukiipenda weka kidogo, ila usimwagie nyuzi kilo nzima.

#20 Mwanafunzi wa Tiba
Kuna kisa kinachogusa uzi huu moja kwa moja. Miaka ya 1970 madaktari wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliona wanawake wengi wa Kihausa wakiletwa wiki chache baada ya kujifungua, miguu imevimba, pumzi hazitoshi, moyo umechoka. Wakaangalia mila za huko: kuoga maji ya moto kila siku kwa siku arobaini, kulala juu ya kitanda cha udongo kinachowashiwa moto kwa chini, na uji uliotiwa kanwa, yaani magadi. Maelezo yao yakawa kwamba joto linatanua mishipa, magadi yanazuia maji mwilini, na moyo unaelemewa na vyote viwili. Kwa hiyo kukanda siyo mchezo.

#21 Mama Watatu
Handeni kuna kitanda cha moto? Mtatutisha mpaka na chai tuache.

#22 Mkunga Mstaafu
@Mwanafunzi wa Tiba, malizia hadithi. Waliokuja nyuma yao walibishana nao sana. Moyo kuchoka baada ya uzazi upo Haiti, upo Afrika Kusini, ambako hakuna vitanda vya moto wala kanwa. Presha ya mimba, mapacha, umri mkubwa, vyote vimo kwenye orodha ya washukiwa. Ukitaka somo la Zaria, basi ni hili: mzazi akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usimkande, mpeleke.

#23 Dada wa Kibaha
Mimi nilikuwa wa operesheni. Shangazi akasema kidonda kiko chini, yeye atakanda juu. Maji yakateremka. Bandeji ikalowa, siku ya nne usaha, nikarudishwa wodini kuoshwa kidonda kila siku. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kituo nilikojifungulia, sikitaji jina, waliniruhusu bila neno hata moja kuhusu maji. Nesi alikuwa mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka sakafuni, namwelewa, lakini karatasi tu ya maelekezo ingeniokoa.

#24 Nesi wa Zamu
Pole sana, dada. Wa operesheni hakandwi kabisa, juu wala chini.

#25 Binti Mjoli
Nina mtazamo mwingine. Mnatafuta sababu tumboni, na mimi naona iko kwenye mikono. Nilijifungua nikiwa mbali na kwetu, mume kazini, hakuna wa kunigusa. Siku ya tatu nilianza kulia bila sababu. Siku ya tano nalia. Mwezi unaisha bado sitaki kumtazama mtoto. Kliniki walimpima mtoto uzito wakanipongeza. Uzazi uliofuata mama alikuja, akanikanda, akaniogesha, akanipa uji, akamchukua mtoto nilale. Sijui maji yalifanya nini kwenye mfuko wa uzazi. Kichwani mwangu yalifanya kazi.

#26 Mkunga Mstaafu
Hili tulilipita juu juu vyuoni. Kulialia siku za mwanzo wengi wanapitia, huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo ni sonona, ina tiba. Na akianza kusikia sauti au kuzungumza yasiyoeleweka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Watu wanasema kalogwa, wanampeleka kwingine.

#27 Mzee Kiroboto
Bibi zetu walikandwa, walizaa kumi, wakala ugali wakaishi. Hizi elimu za vitabu zimekuja juzi.

#28 Mwanafunzi wa Tiba
Mzee wangu, waliokufa hawapo hapa kuchangia uzi. Utafiti wa kaya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Wa 2022 ukakadiria 104. Kukanda hakujapungua hivyo. Kilichobadilika ni wanaojifungulia vituoni, damu, dawa na usafiri.

#29 Mzee Kiroboto
Takwimu ni za wenye kompyuta. Kijijini kwetu nani alikuja kuhesabu?

#30 Mkunga Mstaafu
Mzee hajakosea kabisa. Hayo ni makadirio, yana mwanya mpana juu na chini, vifo vingine vinazikwa bila kuandikwa. Ila mwelekeo wa kushuka naukubali, niliuona kwa macho.

#31 Shemeji wa Mbezi
Nimerudi, nawasoma wote. Mkwe leo kakanda asubuhi tu, kasema jioni mke apumzike kwa sababu kichwa kinamuuma tangu jana. Kumeza panadol hakujasaidia. Kwa hiyo wapi tumefikia, uvuguvugu inaruhusiwa kwa nyuzi ngapi?

#32 Nesi wa Zamu
@Shemeji wa Mbezi achana na nyuzi joto. Kichwa kinauma tangu jana? Macho yanaona ukungu au maluweluwe? Maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu? Uso umevimba? Hata kama jibu ni hapana, mpeleke akapimwe presha sasa hivi, usingoje asubuhi. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na hatari kubwa ni hizi siku za mwanzo. Huna usafiri, piga 115 ya m-mama, ni bure. Beba kadi ya kliniki, mchukue na mtoto anyonye huko huko.

#33 Mkunga Mstaafu
Toka sasa hivi, baba. Na aseme mapokezi: "nimejifungua wiki hii". Wasipoambiwa watamweka foleni ya malaria.

#34 Kijukuu
Tumuombee. Wajuzi, tupeni dalili nyingine na sisi wenye wake wajawazito tuziandike.

#35 Nesi wa Zamu
Pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja, au bonge kubwa kama yai. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Uchafu wenye harufu mbaya. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa kwa wanaolazwa kitandani arobaini nzima kama wagonjwa. Mzazi atembee tembee, damu isigande mguuni. Titi jekundu, gumu, lenye homa. Pumzi kukata. Kwa lolote kati ya hayo, hakuna majani wala taulo, ni kituo cha afya.

#36 Bint Mvita
Na chakula? Huku bara kwetu Kenya Wakikuyu humpa mzazi njahi, ile maharagwe nyeusi, sahani juu ya sahani. Rafiki yangu alisema mpaka leo akiinusa asikia mtoto akilia.

#37 Massawe wa Rombo
Mtori, wakuu. Ndizi, nyama, supu nzito. Bibi zetu walipewa na mlaso, damu ya ng'ombe, kurudisha damu. Huu ndio uzi wa kuletea picha.

#38 Ngosha wa Kahama
Tatizo la mtori ni kwamba baba wa mtoto ndiye ananenepa. Nilimaliza arobaini na suruali hazifungi.

#39 Nesi wa Zamu
Kuleni vyote, ila na vidonge vya kuongeza damu mwendelee navyo baada ya kujifungua. Mnavitupa mlango wa kutokea kliniki kwa sababu choo kinakuwa cheusi. Ni madini ya chuma tu hayo.

#40 Shemeji wa Mbezi
Wakuu, tuko hospitali. Presha 150 kwa 100. Wamemlaza, wamempa dawa, wanachukua na mkojo. Yuko macho, ananyonyesha. Asanteni, kwa kweli. Mama mkwe yuko benchi nje, anasema presha imepanda kwa sababu jioni hakukandwa.

#41 Mama Watatu
Nilisema mimi!

#42 Mwanafunzi wa Tiba
Mama Watatu, kichwa kilianza jana, na jana alikandwa mara mbili. Hata mimi naweza kudai presha imepanda kwa kukandwa. Hatuendi hivyo.

#43 Mkunga Mstaafu
Shemeji, wasipokuambia, uliza: presha ipimwe mara ngapi akisharuhusiwa, dawa ameze mpaka lini, na uzazi ujao aanze kliniki mapema na kusema historia hii. Mkwe mwachie kazi ya kumbeba mtoto na kupika. Hapo hana mpinzani.

#44 Dada wa Kibaha
Nesi wa Zamu, na mkaja kwa wa operesheni vipi? Naona wanauza mikanda ya tumbo Kariakoo, mdogo wangu yuko wiki ya pili.

#45 Nesi wa Zamu
Mkanda laini unasaidia akikohoa au kuamka kitandani, usiguse wala kulowesha kidonda, usiku auvue. Ukitaka tumbo lipungue kwa mkanda, hiyo ni biashara ya wenye maduka. Naingia zamu, nitajibu wengine asubuhi.

#46 Massawe wa Rombo
Picha ya mtori hii hapa nakuja nayo, mtandao unasumbua.